Maabara imesema mama ana E4. Je, damu inaweza kusema akili ya mtu imekwisha?

Assalaam alaykum Shangazi,

Ninakuandikia kutoka Bombo, hapa Uganda. Mimi ni wa pili kati ya watoto watano, na ndiye niliyebaki nyumbani na mama. Ana miaka 71. Baba alifariki zamani, mama akatulea kwa ususi: vikapu na vifuniko vya rangi ambavyo wanawake wetu wa Kinubi wanajulikana navyo. Hata watu wa Kampala walikuwa wakimletea oda za harusi.

Miaka miwili sasa amekuwa akisahau. Ilianza kidogo kidogo. Anauliza swali moja mara tatu kabla chai haijapoa. Anaficha pesa, kisha anasema mjukuu ameiba. Halafu siku moja alipotea akitoka sokoni, njia ambayo ameipita tangu usichana wake. Siku nyingine alisali adhuhuri, akakunja msala, akaukunjua, akasali tena. Mara ya tatu nikamshika mkono nikamwambia, "Mama, umeshasali." Alinitazama kama mtoto aliyefumwa na kosa. Usiku ule sikulala.

Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani aliteleza bafuni akagonga kichwa, ila hakutoka damu. Tukamkanda kwa maji ya moto, yakaisha. Tangu Ramadhani hali imeshuka haraka. Anasinzia mchana kutwa, mguu wa kushoto anauburuta kidogo, na kikapu alichokianza kimebaki nusu kwa sababu rangi zinamchanganya. Watoto wangu wanamwita, "Haboba, Haboba," yaani bibi, anawaitikia kwa majina ya ndugu zake waliokufa.

Kaka yetu mkubwa anafanya kazi Kampala. Alimpeleka kwenye maabara moja ya binafsi, akatolewa damu, na malipo yake yangenunua mbuzi wawili. Majibu yakaja kwa simu: ApoE ni E3/E4, ApoA-I iko chini, ApoB iko juu. Kaka alikesha kwenye intaneti. Asubuhi akatupigia sote: "Mama ana E4, hiyo ni Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, haina dawa." Sasa anataka kibanja cha mama, shamba lake, kiuzwe kabla hajapotea kabisa, na anataka watoto wote tupimwe tujue nani amerithi. Mdogo wetu wa mwisho ana miaka 29, hali chakula kwa hofu.

Daktari tuliyemwona baadaye alisema mama atolewe maji ya uti wa mgongo, mengine yapimwe maambukizi, mengine yapelekwe nje ya nchi kupima protini za ubongo. Mama wadogo wamekataa katakata. Wanasema anayetolewa maji ya mgongo harudi nyumbani, na wanataja majirani wawili. Jirani mwingine ananiambia haya si ya hospitali, mama amerogwa.

Shangazi, damu inaweza kusema akili ya mtu imekwisha? Nikubali sindano ya mgongo? Na mimi nipimwe?

Binti wa Bombo

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale bafuni. Sentensi ile umeipita mbio, kama jambo lililokwisha. Kwangu ndiyo barua yenyewe. Tuanze hapo, E4 isubiri.

Mtu wa umri wa mama yako akigonga kichwa, damu inaweza kuvuja polepole kati ya fuvu na ubongo bila tone moja kuonekana nje. Ubongo husinyaa kidogo kadiri miaka inavyokwenda, na mishipa midogo inayovuka nafasi hiyo inakuwa imevutika, inachanika kirahisi. Damu hujikusanya kwa wiki, hata miezi, ikiukandamiza ubongo. Mgonjwa anasinzia sana, anachanganyikiwa kuliko jana, upande mmoja wa mwili unalegea, mguu unaburuta. Sasa rudi usome ulichoniandikia wewe mwenyewe kuhusu Ramadhani.

Sisemi ndilo linalomsumbua. Kutoka kwenye barua siwezi kuona ndani ya kichwa. Lakini picha ya CT inaona, tena kwa dakika chache, na kama ni hilo, madaktari wa upasuaji hutoboa tundu dogo kwenye fuvu, damu ile ikatolewa, na wagonjwa wengi huinuka. Hata kama kusahau kwa miaka miwili kuna chanzo kingine, huku kushuka kwa ghafla kunaweza kuwa na chake. Mpeleke kesho, usingoje kikao cha familia. Hospitali ya Mulago wanapiga CT, na hospitali kadhaa za Kampala pia. Mtajie daktari siku aliyoanguka, mguu wa kushoto, usingizi, na dawa zote anazomeza, hasa kama kuna aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Akianza kutapika, akipata degedege, au ukimwamsha asiamke vizuri, msingoje kuche.

Kwa hiyo sindano ya mgongo nayo ingoje picha. Hapa mama zako wadogo wamesimama mahali sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Kama kuna kitu kinachobana ubongo kutoka juu, kutoa maji chini kunaweza kuufanya ubongo usogee mahali pasipofaa, na hiyo ni hatari ya kweli. Uliza swali hili moja bila aibu: "Daktari, tumeshaona picha ya kichwa?"

Sasa ile karatasi ya kaka yako. Mimi nimekaa maabara miaka mingi kabla ya kuketi hapa kujibu barua, na karatasi za namna hiyo nazijua. Zimeandikwa kwa herufi chache, na mtu mwenye hofu huzijaza maneno yake mwenyewe.

Damu sehemu kubwa ni maji, na mafuta hayakubali maji, umeona mchuzi wa samaki unavyotengana sufuriani. Ili mafuta yasafiri, mwili huyafunga katika vifurushi vidogo vyenye protini juu yake. Protini hizo huitwa apolipoprotini. Nazifananisha na wachukuzi wa sokoni: ndizo zinazobeba mzigo na ndizo zinazojua ushushwe mlango gani. ApoB ndiyo mchukuzi mkuu wa LDL, ile kolesteroli inayoziba mishipa. ApoA-I hubeba HDL, ile iitwayo kolesteroli nzuri. ApoE huonekana damuni na pia ndani ya ubongo, na ndiyo iliyowatia watafiti hamu, kwa sababu ubongo, ambao ni asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili, una takriban moja ya tano ya kolesteroli yote tuliyo nayo. Alois Alzheimer mwenyewe, alipochunguza ubongo wa mgonjwa wake wa kwanza na kuandika habari zake mwaka 1907, aliona mafuta yamejirundika ndani ya seli.

Lakini damu na ubongo ni nyumba mbili, na kati yake kuna ukuta. ApoE iliyomo damuni hutengenezwa zaidi na ini. Iliyomo katika ubongo, na katika maji ya uti wa mgongo yanayouosha ubongo huo, hutengenezwa humo humo na seli ziitwazo astrosaiti. Hazichanganyiki. Hili lilionekana wazi kwa watu waliopandikizwa ini, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1991. Baada ya kupandikizwa, ApoE ya damuni ilibadilika ikawa aina ya yule aliyetoa ini. Walipopima maji ya mgongo, ApoE ilikuwa bado ile ile ya mgonjwa mwenyewe. Mtu mmoja, na majibu mawili tofauti! Mimi niliposoma habari hiyo niliacha kuamini kwamba ukipima damu umechungulia ubongoni.

Tena karatasi yenu imechanganya vitu viwili visivyofanana. E3/E4 ni aina ya jeni ya ApoE: moja amerithi kwa baba, moja kwa mama. Kama angepimwa akiwa msichana wa miaka 20, vidole vyake vikiwa vyepesi na vikapu vyake vikigombaniwa, karatasi ingeandika E3/E4 vile vile. Haisemi lolote kuhusu hali ya ubongo wake leo. ApoA-I na ApoB ni viwango, na viwango hupanda na kushuka kwa chakula, kwa sukari, kwa dawa, hata kwa homa aliyokuwa nayo wiki ile.

Usinielewe vibaya, utafiti huu ni wa kweli na ninaufuatilia kwa moyo. Huko Copenhagen walipima ApoE katika damu ya watu zaidi ya 75,000, na mwaka 2015 wakaeleza kwamba waliokuwa na kiwango cha chini walipata demensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na akili, zaidi katika miaka iliyofuata. Protini nyingine ya jamii hii, ApoJ, ambayo pia huitwa klasterini, imeonekana juu katika damu ya baadhi ya wagonjwa. Kwenye maji ya mgongo, utafiti mmoja unasema ApoE imeshuka kwa wagonjwa, mwingine unasema imepanda, na ApoA-I ya humo sehemu kubwa imevuka kutoka damuni. Ukiwapanga watu maelfu, unaona tofauti. Ukimchukua mama mmoja wa Bombo, kiwango chake kinaweza kuwa sawa na cha jirani yake anayekumbuka hadi bei ya sukari ya mwaka juzi. Protini hizi zinawafundisha watafiti jinsi ugonjwa unavyoanza, na huenda kesho zikasaidia vipimo vingine, ila leo hazimtambui mgonjwa.

Zinazosaidia kumtambua ni protini nyingine: amiloidi beta 42, ambayo hushuka katika maji ya mgongo ya mwenye Alzheimer, na tau, ambayo hupanda. Mei 2025 Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha aina hii, kinacholinganisha tau ya namna ya p-tau217 na amiloidi, kwa watu wazima ambao tayari wana dalili. Hakina ApoE ndani yake.

Kuhusu E4 na hofu ya mdogo wako. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke ndio waliotangaza mwaka 1993 kwamba E4 inaongeza hatari ya Alzheimer ya uzeeni. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, E4 moja huongeza hatari mara tatu hivi, na E4 mbili mara nane hadi kumi na mbili. Hizo ndizo namba alizozisoma kaka yako usiku ule. Asichokisoma ni Ibadan. Kuanzia mwaka 1992 wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, walifuatiliwa sambamba na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha Alzheimer mpya asilimia 1.15 kwa mwaka kule Ibadan, na 2.52 kule Indianapolis, ingawa E4 wanayo wengi pande zote mbili. Baadaye ilionekana kwamba kwa Wayoruba wenye E4 mbili ndio waliokuwa hatarini zaidi. Wenye moja, kama mama yako, hawakutofautiana waziwazi na wasio nayo. Sisi si Wayoruba na Ibadan si Bombo, lakini ni karibu zaidi na kwetu kuliko hizo namba za Ulaya zilizowatoa usingizi. Wapo wengi wenye E4 wanaokufa wazee na akili zao timamu, na wapo wagonjwa wengi wa Alzheimer wasio nayo kabisa.

Kila mmoja wenu alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuichukua E4 hiyo kwake. Upimwe? Maoni yangu ni hapana, na kwa mdogo wako hapana mara mbili. Hakuna dawa mtakayopewa leo kwa sababu ya jibu hilo, na jibu likishaingia kichwani halitoki. Anayetaka kupunguza hatari yake atapunguza kwa mambo yale yale, awe nayo au asiwe nayo. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, likakadiria kuwa karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa yakishughulikiwa yote. Presha imo, sukari imo, kolesteroli ya LDL imo, kutosikia kumo, upweke umo. Mdogo wako na apime presha, ale chakula chake, alale.

Na hapo ndipo ile ApoB ya mama yenye kupanda inapopata kazi. Inaonyesha mzigo wa LDL, na LDL na presha huharibu mishipa ya moyo na ya ubongo. Mwonyeshe daktari, kinatibika.

Picha ikishapatikana, kabla ya kutuma chochote ng'ambo, dai vipimo vya kawaida ambavyo hakuna anayevikumbuka kwa kuwa havina jina kubwa: VVU, kaswende, vitamini B12, homoni za tezi ya shingo, sukari, figo, chumvi ya damu, wingi wa damu. Kila kimoja hapo kinaweza kumfanya mzee asahau, na vingi vina tiba. Usione haya kwa VVU na kaswende kwa sababu ni mama. Apimwe macho na masikio. Aulizwe kama moyo wake umeinama, maana huzuni ya wazee huvaa nguo za usahaulifu. Kisha apimwe kumbukumbu kwa kuulizwa na kutazamwa. Kipo kipimo kifupi cha demensia ya VVU kilichojaribiwa hapa hapa Kampala pamoja na Baltimore, kikachapishwa mwaka 2005: mtu anagonga vidole haraka, anafuatisha mkono kwa mpangilio, anakumbuka maneno manne. Hakihitaji kujua kusoma. Ninajivunia kila ninapokitaja, kwamba wagonjwa wa Kampala wamechangia kitu ambacho dunia inakitumia.

Ikiwa CT haionyeshi kizuizi na daktari bado anataka maji ya mgongo kwa ajili ya maambukizi, kubali. Waeleze mama wadogo hivi: uti wa mgongo wenyewe unaishia juu kidogo ya kiuno, na sindano inaingia chini yake, mahali penye maji na nyuzi za fahamu tu. Mtu mzima ana mililita 150 hivi za maji hayo, na mwili hutengeneza karibu 500 kila siku. Wakichukua 10, zinarudi kwa nusu saa. Anaweza kuumwa kichwa siku chache. Wale majirani wawili, nasikitika kwa msiba wao, lakini hapa kwetu maji hayo hutolewa mara nyingi kwa mtu aliyefika hospitali akiwa hoi kwa homa ya uti wa mgongo. Ugonjwa ndio uliomchukua, sindano ikabebeshwa lawama. Tena kwa ile homa ya uti wa mgongo inayotokana na ukungu, kutoa maji kunashusha shinikizo kichwani, na kumewaokoa wengi.

Ila hiyo ya kupeleka ng'ambo kupima protini za ubongo, mimi nisingeilipia kwa sasa. Amiloidi hunata kwenye kuta za chupa. Chupa ikiwa si ya plastiki inayotakiwa, amiloidi hubaki ukutani, kipimo kinashuka, na kushuka ndiko kunakosomwa kama ugonjwa. Kwa safari ndefu na chupa usizozijua, mnaweza kununua jibu la uongo kwa bei ya ng'ombe. Na likija la kweli, matunzo ya mama hayatabadilika. Pesa hiyo iende kwenye CT.

Kaka yako usimfanye adui. Mtu anayekesha kusoma ugonjwa wa mama yake anaumia. Lakini mwambie kwa upole na bila kuyumba: karatasi ya damu haiondoi haki ya mama juu ya kibanja chake. Uwezo wa mtu kuamua huangaliwa kwa mtu mwenyewe, je anaelewa anachoulizwa, je anaweza kusema anataka nini, na hilo halijafanywa. Kama ana damu kichwani, huenda miezi miwili ijayo akaamka na kuuliza nani ameuza shamba lake. Mwambie asubiri, na ninyi wanne mshikamane.

Na jirani wa uchawi, mshukuru kwa kuja kuwajulia hali, kisha nenda hospitali.

Swala isikutie uchungu. Mwache asali nyuma ya mwingine, wewe au binti yako, ili afuate mwili wa anayemwongoza badala ya kuhesabu rakaa. Mkimaliza, wewe ndiye ukunje msala na kuuweka mbali na macho yake. Akiuliza kama amesali, jibu "ndiyo, tumesali pamoja," hata kama ni mara ya tano. Akimwita mtoto kwa jina la nduguye, mtoto aitikie.

Kile kikapu usimmalizie. Atakapotoka hospitali, ondoa nyuzi nyingine zote mbele yake, mwachie rangi mbili, ukae pembeni naye usuke chako.

Shangazi